Sinema ya Papa Lambert

Presha ya macho ilimwingia Papa Lambert polepole, naye akaificha. Alipokubali kupelekwa hospitali, jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka haukuisha, na hilo nalo likafunga. Madaktari walimweleza binti yake, Murielle, kwamba hapakuwa na la kufanya tena. Murielle ndiye aliyebeba kazi ya kumwambia baba yake, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi, watu wakipita na blanketi zao mabegani.

Papa Lambert hakulia. Aliuliza tu kama jua limetoka. Murielle akamwambia limetoka. Tangu siku hiyo mzee akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikomtisha Murielle kuliko upofu wenyewe, maana baba yake hakuwahi kuwa mtu wa kunyamaza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuri za shaba huko Lubumbashi, na katika kambi ya wafanyakazi kulikuwa na ukumbi wa sinema. Jumamosi mchana zilionyeshwa filamu za vichekesho kutoka Amerika, nyeusi na nyeupe, ambazo hata wakati huo zilikuwa za zamani, watu wake wakiongezwa sauti za Kifaransa. Papa Lambert alikwenda na mkewe, Célestine. Wakirudi, watoto wakiwa wamezunguka sahani ya bukari, ugali wa kwao, yeye alisimama akawasimulia filamu nzima kwa Kiswahili. Alikuwa tajiri mwenye hasira, akawa mjakazi, akawa bibi harusi aliyekimbia. Murielle na kaka yake Ruphin hawakuziona filamu zile kwa macho. Walizijua kupitia mdomo wa baba yao.

Célestine alipofariki, Murielle alimleta mzee Johannesburg, akae naye katika vyumba viwili vya nyuma ya nyumba ya watu, Malvern, karibu na Jules Street alikokuwa na saluni yake ya kusuka nywele. Huko Papa Lambert alianza kutafuta filamu zake. Alizipata Hillbrow kwa wauza DVD wa kando ya barabara, akazipata kwenye masanduku ya vitu vikuukuu ambavyo wazungu wazee huuza wakihama nyumba. Alizipanga chini ya televisheni, na mchana akiwa peke yake alizitazama. Mara nyingi Murielle alipotoka kazini alipokewa na kicheko cha baba yake getini, kabla hajamwona mwenyewe.

Yeye binafsi hakuzipenda. Alikuwa akijiuliza inamhusu nini, wazungu waliokwisha kufa zamani wakigombana juu ya kofia. Siku yake nzima ilikuwa ya kusimama, vidole vikiuma, na mume alikwisha ondoka bila hata kuaga. Akifika nyumbani alitaka kuoga na kulala.

Sasa zile DVD zilikuwa zimekaa pale chini zikipata vumbi. Papa Lambert alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akala vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani. Ukimuuliza kitu, alijibu kwa kichwa.

Ruphin, ambaye ndiye mkubwa, alikuwa msimamizi wa walinzi huko Randburg na alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka 2019, alitangaza kwamba likizo yake ingeanza mwisho wa mwezi wa tatu, na kwamba atampeleka Papa Lubumbashi, kwa baba mdogo, akae na watu wa rika lake. Alisema mzee anakufa huku amekaa. Kisha, kwa heshima, akamgeukia baba yake na kumuuliza anaonaje.

“Kama munataka,” Papa Lambert akasema.

Murielle alikuwa anaosha vyombo. Aliyasikia maneno yale na mikono ikasimama ndani ya maji. Mtu huyu aliwahi kugombana na mabwana wa kampuni, aligombana na padri, aligombana na mama yao juu ya chumvi. Hakuwahi, maisha yake yote, kusema “kama munataka”.

Akakausha mikono, akamwita kaka yake nje. Alimwambia hamkatazi. Alichoomba ni muda mpaka Jumapili ya katikati ya mwezi wa tatu. Ikifika Jumapili hiyo na Papa akasema kwa mdomo wake kwamba anataka kwenda, yeye mwenyewe atamfungia nguo. Lakini hatakubali baba yake apakiwe kwenye basi kama mzigo usio na mwenyewe. Ruphin akakubali. Hakuwa mtu mbaya, na aliona mwisho wa jambo unajulikana.

Jioni ile ile Murielle alifuta vumbi, akachagua DVD moja ambayo jalada lake lilikuwa limechakaa kuliko zote, akiamini hiyo ndiyo iliyotazamwa sana. Akakaa karibu na kiti cha baba yake na kuanza kumweleza.

Filamu ilikuwa ya fundi saa. Fundi huyu anaitwa kwenye nyumba kubwa kurekebisha saa ya ukutani, na wenye nyumba wanadhani ndiye mchumba wa binti yao, ambaye hawajawahi kumwona na wanamtazamia siku hiyo hiyo. Anajaribu kusema yeye ni nani. Bibi mzee, mama wa tajiri mwenye nyumba, hasikii vizuri, na kila anachoambiwa anakijibu kingine. Mbwa wa nyumba anamwibia fundi kiatu, na fundi analazimika kukaa kwenye chakula cha jioni, mbele ya watu waliovaa vizuri, akiwa na kiatu kimoja.

Murielle alieleza yote hayo. Alisema sasa ameingia, sasa amekaa, sasa mbwa amechukua kiatu, inachekesha sana, Papa. Kiingereza chao kilikuwa cha kasi, akaachwa nyuma. Akawa anaeleza jambo wakati jambo jingine limeshatokea. Kabla filamu haijafika nusu baba yake alinyoosha mkono.

“Zima. Unanisomea tangazo la msiba.”

Murielle akazima. Siku ya pili akawasha tena, na ya tatu. Wakati mwingine mzee alijifanya amelala. Wakati mwingine alilala kweli. Murielle hakuacha. Alikuwa anarudi amechoka, anapika, anakaa, anaanza upya pale fundi anapobisha hodi. Wiki ya pili, alipofika kwenye chakula cha jioni na kusema kama kawaida yake kwamba hapa panachekesha, Papa Lambert alimgeuzia uso.

“Usiniambie panachekesha. Niambie mguu uko wapi.”

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyatoa kwa siku nyingi. Murielle akatazama vizuri. Akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona, ingawa alikuwa ameitazama sehemu ile mara nyingi. Mguu usio na kiatu ulikuwa umefichwa nyuma ya mguu mwingine, na vidole ndani ya soksi vilikuwa vinajikunja kila tajiri anapomtazama. Akamwambia baba yake hivyo, ule mguu, vile vidole. Mzee hakucheka, lakini hakumwambia azime.

Kesho yake Murielle aliipeleka DVD saluni. Pale kwenye kona kulikuwa na televisheni ndogo ambayo siku zote ilipiga nyimbo za dini na muziki wa nyumbani. Akaamua kujifunza kusimulia kwa watu wenye macho, na hasa watu ambao hawawezi kuondoka, maana mtu ambaye nusu ya kichwa chake imesukwa hana pa kwenda.

Mwanafunzi wake wa kwanza, au tuseme mwalimu wake, alikuwa Biubwa, mwanamke wa Tanga aliyeuza vitenge na mashuka mlango wa pili. Biubwa alikaa nyuma ya pazia, ushungi mapajani, akasikiliza kidogo, kisha akamkatiza. Akamwambia kwao kuna watu ambao kazi yao ni kutafsiri filamu kwa mdomo, kwenye vibanda vya video, na watu wanalipa kuwasikiliza. Wale hawakimbizani na kila neno. Wanamwacha mtu aseme lake, wao wanasema lile linaloumiza au linalochekesha, basi. Na sauti wanabadilisha.

“Shoga yangu, wewe unasema ‘yeye amesema’. Yeye nani? Kuwa yeye.”

Murielle akaona haya. Lakini saluni ilikuwa ya wanawake watupu, na haya ikaisha kidogo kidogo. Akaanza kuwa bibi asiyesikia vizuri, sauti nyembamba ikitetemeka. Akawa tajiri. Siku alipomchelewesha mbwa, akamwacha apite kwanza, anuse zulia, azunguke meza, na watu wakadhani ameshasahau kiatu, ndipo akamrudisha, mteja mmoja wa Bujumbura alicheka hadi kitana kikaanguka. Murielle akasimama na nywele mkononi akijua kwamba ameshika kitu.

Umeme ulikuwa unakatwakatwa mwezi ule, kila mtaa na zamu yake, na wateja walilalamika wakikuta televisheni kimya. Walitaka kujua fundi saa amefikia wapi. Walikwisha kuiona wote, lakini waliitaka tena. Murielle akamuuliza Biubwa ni nini hasa wanachokipenda, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye nyumba kama ile, na watu weusi waliomo humo wanabeba sinia tu.

Biubwa alisema hilo la sinia naye limemkera, tena sana. Kisha akasema anachokipenda ni kwamba mtu ameingia nyumba isiyo yake, amekosewa, amevaa kiatu kimoja, na hakuna aliyemuuliza karatasi, kama wanavyoulizwa wao huku.

“Wamemvutia kiti, wakampakulia. Wanakuja kujua si yeye, na chakula wanamwacha amalize.”

Nje, watoto wa shule walikuwa wanapita wakizungumza Kizulu. Murielle akaendelea kusuka. Aliwaza kwamba yeye anapenda sehemu nyingine, ile ya mwisho, ambapo tajiri mkali anasimama mbele ya wageni wote na kumwomba mke wake radhi. Hakuwahi kuombwa radhi na mwanamume mbele ya mtu yeyote. Kila alipofika hapo sauti yake ilipungua, na alishangaa kujikuta anaisubiri sehemu hiyo tangu asubuhi.

Jumapili ikafika. Ruphin alikuja na shati lake la kanisani, viatu vinang'aa, tiketi ya basi mfukoni. Murielle alimkaribisha, akampa chakula, akamwambia kabla ya mazungumzo yoyote watatazama filamu. Ruphin akatazama saa. Hata hivyo akakaa. Papa Lambert alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kifuani.

Murielle akaanza. Fundi akabisha hodi. Bibi akafungua, akamwita mjukuu wangu mpenzi. Murielle hakuitazama televisheni sana, alimtazama baba yake. Aliona kidevu kinainuka. Mbwa alipopita mara ya kwanza bila kufanya kitu, aliona mkono wa mzee umeshika mkono wa kiti, ukingoja. Mbwa akarudi. Pumzi ikamtoka Papa Lambert puani, fupi, kama mtu aliyekaribia kupiga chafya.

Wakawa wamefika mezani. Supu imeletwa. Tajiri anamtazama fundi, vidole vinajikunja ndani ya soksi. Hapo televisheni ikazimika. Friji jikoni ikakoroma na kunyamaza, na kutoka nyumba za jirani zikasikika sauti za watu wakilaani umeme.

Ruphin akapiga mapaja yake na kusimama. Akasema bila ubaya kwamba basi, tuzungumze sasa.

“Kaa, yaya,” Murielle akasema, kama kwao anavyoitwa kaka mkubwa. “Sijamaliza.”

“Hakuna picha.”

“Picha kwa nani?”

Ruphin akamtazama baba yake, akakaa.

Murielle akaendelea. Kioo kilikuwa cheusi, lakini yeye aliiona meza yote, mishumaa, bakuli, kola ngumu za wanaume. Akamfanya tajiri aulize, kwa sauti nzito, kijana anafanya kazi gani. Akamfanya fundi ajibu kwamba anatengeneza saa. Kisha akavuta pumzi ili awe bibi. Kabla hajafungua mdomo, sauti nyembamba, inayotetemeka, ikatoka kwenye kiti cha karibu na dirisha.

“Anatengeneza taa! Sifa kwa Mungu, hii nyumba ina giza.”

Murielle alitamani kumkimbilia, akajizuia. Hakutaka kuharibu. Akajibu kama fundi, si taa, bibi, ni saa. Papa Lambert akamjibu kama bibi, kwamba ndiyo, mwanangu, njaa, kula basi. Maneno hayo hayakuwa ya filamu. Yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuja mfululizo, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Akawa tajiri, akampokonya Murielle sauti hiyo bila kuomba. Akawa mchumba wa kweli anayefika amelowa mvua. Akasimama kutoka kwenye kiti, mkono mmoja ukutani, mwingine ukionyesha mezani kila mtu amekaa wapi. Kisha akasita na kugeuza uso huku na huku.

“Mbwa iko wapi?” akauliza.

Zamani, Lubumbashi, mbwa wa filamu zote alikuwa Ruphin. Baba yao alimpa kazi hiyo akiwa mdogo sana, kwa sababu alikuwa na haya na hakutaka kusema maneno mbele ya watu. Ruphin sasa alikuwa na watu wengi chini yake na redio ya mawasiliano kiunoni siku za kazi. Alitazama viatu vyake. Murielle hakumsaidia.

Ruphin akabweka. Mara ya kwanza kwa aibu, kama anayekohoa. Mara ya pili akabweka kweli, kutoka tumboni, hata mbwa wa jirani akaitikia. Hapo Papa Lambert akacheka. Alicheka hadi akainama, Murielle akamkalisha, naye akaendelea kucheka amekaa, machozi yakimtoka kwenye yale macho yasiyoona. Ruphin alikuwa ameegemea meza, mabega yanamtikisika. Walimaliza filamu hivyo, watatu, hadi tajiri akaomba radhi na wote wakakaa kula upya.

Baadaye Ruphin alirudia swali lake, maana alikuwa mtu wa kutimiza neno. Akamuuliza baba yake kama anataka kwenda Lubumbashi.

“Hapana,” Papa Lambert akasema. “Nitaenda kuona kaburi ya mama yenu wakati nitasema mimi. Na nitarudi. Lakini hapa kwenye dirisha sitaki kukaa tena. Hapo mulinikosea, wote wawili.”

Murielle alimsindikiza kaka yake hadi kwenye gari. Robot, yaani taa za njia panda, ilikuwa imezimika na magari yalikuwa yanapishana kwa zamu. Ruphin hakuwasha gari. Alimweleza dada yake jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kila simu ilipolia akiwa zamu usiku, alidhani ni habari ya Papa. Alimtaka aende mbali kwa sababu hakuweza kuendelea kumtazama pale kitini. Murielle akamwambia kwamba hata yeye aliogopa. Wakapanga kwamba siku zake za mapumziko Ruphin atakuja kumtembeza mzee, amfundishe kutembea na fimbo, awe anatoka. Ruphin alipofungua pochi kuweka ufunguo wa geti aliopewa na dada yake, ile tiketi ilionekana. Akasema ataona kama watamrudishia pesa, na kama hawarudishi, haina neno.

Jumatatu asubuhi Papa Lambert alidai koti lake. Hakuuliza kama inawezekana. Alisema anakwenda kazini. Murielle alimwambia saluni ni ya wanawake, na wengine hawataki kuonwa vichwa wazi. Mzee akajibu kwamba kama kuna mwanamume mmoja Johannesburg nzima anayeweza kuingia mle bila kumwona mtu, ndiye yeye.

Walitembea polepole, mkono wake begani kwa binti yake, wakasimama kila penye ukingo wa barabara, akiuliza ni duka gani hili, hiki kinachonukia ni nini. Biubwa alikuwa anafungua mlango wake. Akamwamkia shikamoo, akasikia habari, akasema ya kwake ni rahisi, huyu mzee anamruhusu, ila wengine waulizwe kabla hajaingia. Ndivyo ilivyokuwa. Murielle aliuliza kila mteja. Wachache walikataa, na kwao Papa Lambert alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha plastiki kwa Biubwa, akabishana na wapita njia juu ya mpira.

Waliobaki waliletewa filamu. Murielle alishika sauti za wanawake, baba yake akashika za wanaume, na watumishi wenye sinia aliwapa maneno ambayo Hollywood haikuwapa. Aliwafanya wamseme tajiri jikoni, wacheke, wapate jina na watoto. Murielle alimwachia. Alikuwa na kichwa cha kusuka kwa saa nyingi mbele yake, siku ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na kutoka kwenye kona baba yake alikuwa anauliza nani amekaa kwenye kiti, anatoka wapi, na kama anaijua habari ya tajiri mmoja aliyepoteza suruali siku ya harusi ya binti yake.